Jicho la Kioo na Mkono wa Nerima

Katika ghala la mahindi la Osborn, pale Busia upande wa Uganda, hakuna gunia lililoshuka kutoka kwenye lori kabla Nerima hajatia mkono ndani yake. Alifungua mdomo wa gunia, akachota konzi moja, akaitandaza kiganjani na kuitazama kwa muda wa kumeza mate, kisha akasema "shusha" au "peleka mbele." Basi. Madereva waliozoea kubishana na kila askari wa mpakani walimnyamazia mwanamke huyu mfupi mwenye ndala zilizolika kisigino kimoja, kwa sababu walijua kwamba akisema mahindi yana kuvu, yana kuvu, na hata wakiapa hadi koo likauke haitawasaidia.

Alikuwa mtu wa Sikuda, mashambani nje ya mji. Alizaliwa huko, akaolewa ng'ambo ya kijito na mkulima aitwaye Mangeni, na mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha kuchagua. Alianza na wimbi, ule ulezi wa uji, si mahindi. Punje ya wimbi ni ndogo na mchanga unafanana nayo. Ukizembea, mgeni wa heshima atavunjika jino mezani kwako na habari itafika kwenu kabla ya jua kutua. Aliyehitimu kwa wimbi, mahindi kwake ni mchezo. Mwaka ambao mihogo ya Sikuda yote iliugua, Nerima alipanda boda boda akaenda mjini kutafuta kibarua cha kuchagua mahindi, akidhani ni cha msimu mmoja. Msimu huo ulimaliza miaka kumi na tisa.

Walikuwa wanawake kumi na mmoja, wameketi kwenye turubai kila mmoja na ungo wake, na Nerima ndiye mkubwa wao. Mahindi safi yaliingia guniani. Mabaya yalitupwa katika beseni moja kubwa, na kila Jumamosi beseni hilo lilipitiwa upya: yenye kuvu yalifukiwa shimoni, na yaliyovunjika tu wanawake waligawana kwa idhini ya Osborn. Yalikuwa ya kuku, na kwa wengine ya kupikia kwete, ile pombe ya mahindi isiyokosekana palipo na harusi au matanga.

Sasa, tuseme ukweli, maana hadithi hii haina maana bila ukweli huo. Katika kila gunzi kuna punje za nchani, ndogo na za mviringo. Hazina ubaya wowote. Zinasagika na kulika kama nyingine. Lakini ni ndogo, na mtu akiziona kwenye beseni anaweza kudhani ni makapi. Basi tangu zamani, bila kikao wala makubaliano, wanawake wale walikuwa wakizitupa upande wa mabaya. Moja hapa, moja pale. Hakuna aliyeita jambo hilo wizi. Waliziita "za nyumbani." Nerima, ambaye katika kanisa lao Sikuda alisimamia hesabu ya viti na hakuwahi kupoteza hata kimoja, alijiambia kwamba yeye huzitupa mara chache sana, siku ambazo mkono umechoka.

Halafu akaja Edimu.

Edimu alikuwa mwalimu wa fizikia katika chuo kimoja huko Tororo, kijana mzaliwa wa Merikit mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa akiomba radhi kabla ya kusema jambo lolote. Osborn, Mkenya aliyevuka mpaka kila asubuhi kuja ghalani kwake, alikwisharudishiwa malori mawili kwa sababu ya sumu ya kuvu, kwa hiyo alimpokea mwalimu kwa mikono miwili. Edimu alifungua kikoba na kutoa kikebe cheusi, na ndani ya kikebe vipande viwili vya kioo, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba, vyenye rangi hafifu ya chai iliyochujwa.

"Samahani, mama," alimwambia Nerima. "Mimi natafuta jicho la kufundisha hivi vioo. Watu wote mpaka Malaba wanasema jicho ni lako."

"Kioo nafundishwa?" Nerima aliuliza kwa Kiswahili chake cha mpakani. "Mwalimu, kwani mimi nafundisha dirisha?"

Wanawake walicheka mpaka nyungo zikatikisika. Edimu hakukasirika. Aliketi kwenye gunia, akaeleza taratibu. Kompyuta ya kawaida, alisema, inaona mahali pamoja na kukumbuka mahali pengine, na umeme wake mwingi unaishia njiani, katika kubeba habari huku na huko. Kichwa cha mtu hakiendi hivyo. Ndani ya kichwa, pale mshipa mmoja wa fahamu unapokutana na mwingine, ndipo habari inapopita na ndipo inapokumbukwa, palepale. Ikipita mara nyingi, njia inapanuka. Isipopita, njia inaziba. Vioo vyake vilikuwa na vidoa vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kidoa kilikuwa kiungio cha namna hiyo, ila badala ya damu na fahamu kilitumia mwanga. Ukikimulika kwa taa ya buluu, umeme unapita ndani yake kwa wepesi zaidi, na unaendelea kupita kwa wepesi hata taa ikizimwa. Kimekumbuka.

"Kimoja tunakifundisha sura ya punje safi," alisema, "na cha pili sura ya punje ya kutupwa. Halafu tukiweka punje mpya chini ya lenzi, tunaimulika kidogo kwa taa nyekundu, ile haifundishi, inauliza tu. Kioo kitakachopitisha umeme mwingi ndicho kinachoitambua."

"Wewe nilitengeneza mwenyewe?" Florence aliuliza. Florence alikuwa mwanamke wa Kiteso, wa makamo, jirani wa Nerima kwenye turubai kwa miaka kumi na miwili, na kwete yake ilisifiwa pande zote mbili za mpaka.

"Mwenyewe. Miaka miwili. Nilipaka vioo arobaini, vikapona sita." Akakitazama kikebe. "Vizuri ni hivi viwili."

Hivyo kila asubuhi, kwa wiki tatu, Nerima aliketi mbele ya kisanduku cha mbao chenye lenzi juu na vitufe viwili mbele, kimoja cheupe na kimoja cheusi. Aliweka punje kwa mkono wa kushoto, akaitazama, akabonyeza kwa mkono wa kulia. Cheupe ni safi. Cheusi, tupa. Taa ya buluu ilimulika ndani ya kisanduku, kisha punje nyingine. Siku ya kwanza aliona aibu kama mtu anayesali peke yake na kugundua kuna wanaomtazama. Siku ya pili alizoea. Kufikia wiki ya pili alianza kuipenda kazi ile, na alipofika nyumbani alimwambia Mangeni kwamba sasa yeye ni mwalimu, na mwanafunzi wake hasinzii wala haombi ruhusa ya kwenda chooni.

Siku ile ya kwanza lakini, kulitokea jambo. Aliweka punje ya nchani, ndogo, ya mviringo, nzima kabisa, na kabla hajafikiri lolote kidole kilikuwa kimebonyeza cheusi.

"Nimekosea, mwalimu. Hiyo ilikuwa mzuri."

"Usijali, mama," Edimu alisema bila kuinua uso kwenye daftari lake. "Kosa la mara moja haina shida. Mmweko mmoja unafutika wenyewe, kesho asubuhi kioo kimesahau. Kinachobaki ni kile tu unachorudia na kurudia."

Maneno hayo yalimtuliza. Kitu kinachosamehe kosa la mara moja, alifikiri, hicho ni kitu chenye utu. Akaendelea na kazi kwa roho nyeupe, na kidole chake kikaendelea kufanya kilichozoea kufanya, naye akawa haangalii tena.

Jumatatu ya wiki ya nne ilikuwa siku ya mtihani. Alhamisi yake wangekuja wageni watatu kutoka chuoni, wakuu wa Edimu, kuamua kama kazi hiyo itaendelea au itafungiwa kabatini. Edimu alileta punje mia moja ambazo alikwishazipima moja moja maabarani, akijua ipi ina kuvu na ipi haina. Ghala zima lilisimama. Osborn alikunja mikono ya shati kana kwamba yeye ndiye anayepimwa.

Punje ziliingia chini ya lenzi moja baada ya nyingine. Zenye kuvu zilikuwa thelathini, na vioo vilizikataa zote thelathini, hata zile ambazo doa lake lilikuwa dogo kuliko ncha ya sindano. Wanawake walipiga vigelegele. Lakini vioo vikaendelea kukataa. Vilikataa punje moja nzuri, kisha ya pili, kisha ya tano. Mwisho punje nzuri kumi na nane zilikuwa zimelala upande wa kutupwa. Edimu alizipanga kwenye kiganja. Zote zilikuwa ndogo, za mviringo.

Nerima aliziona na akajua.

Osborn alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mdomo mwepesi. "Haki, Mama Nerima, si ni kuzeeka tu? Macho inachoka. Kumi na nane kwa mia, hiyo ni mob, nyingi sana. Labda sasa ukae hapo mlangoni, ushone magunia, Florence ashike usukani. Hakuna ubaya."

Alisema mbele ya wote. Mbele ya madereva wawili waliokuwa wakinywa chai. Nerima alijua habari ingeenda nao: kabla ya magharibi Malaba watakuwa wameambiwa kwamba jicho la Nerima limekwisha, na mchaguzi aliyeambiwa jicho lake limekwisha hana ghala litakalompokea tena, hata kama anaona sindano gizani. Alihisi kidole cha Florence kikimgusa mgongoni, kikibonyeza. Kidole kile kilikuwa kinasema nyamaza. Kama Nerima angesema ukweli, beseni la Jumamosi lingekwisha siku hiyohiyo, kwa wanawake wote kumi na mmoja, na Florence alikuwa na harusi mbili za kupikia kwete mwezi ule.

Angeweza kunyamaza. Alikuwa ameshaanza kujizoesha wazo la mlangoni na sindano ya magunia. Tatizo likawa ni Edimu.

"Samahani, bosi," Edimu alisema. "Macho ya mama haina kosa. Amekamata kuvu yote, si umeona? Kosa ni ya vioo vyangu. Nafikiri nilipaka vibaya, haviwezi kutofautisha punje ndogo. Hivi ni vya kutupa." Akachukua kikoleo chake kidogo, akafungua kisanduku, akakibana kioo cha kwanza ukingoni. Miaka miwili, vioo arobaini, viwili vizuri, na alikuwa anakwenda kuvitia katika kopo la taka ili mwanamke aliyemjua wiki tatu asihamishiwe mlangoni.

Wema huo ndio uliomvunja Nerima. Lawama angeimeza.

"Mwalimu, wacha. Kioo iko sawa."

Kidole cha Florence kikambonyeza kwa nguvu.

"Mimi ndiye nilifundisha hivyo," Nerima alisema. "Hizo punje ni za nchani. Sisi tunazitupa kwa beseni ili Jumamosi tubebe nyumbani. Macho yangu naona vizuri sana. Naona ni mzuri, na mkono nabonyeza nyeusi."

Osborn aligeuka akalitazama beseni.

"Mara ngapi?" Osborn aliuliza.

"Mara moja moja tu, bosi. Siku moja moja," alijibu, na alipokuwa akisema hivyo aliamini.

Edimu alikuwa bado amekibana kile kioo. Alionekana kama mtu asiyetaka kusema atakalosema. "Samahani, mama," alisema polepole. "Mara moja moja isingebaki. Ingefutika. Kwa kioo kushika kiasi hiki..." Akakirudisha kioo mahali pake kwa uangalifu.

Hakuhitaji kumaliza. Nerima alisimama pale na kuhesabu kichwani, na hesabu haikumpendeza. Si siku alizochoka. Ni kila siku, kila punje ya nchani iliyowahi kupita chini ya macho yake kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa ameishi na mkono huo bila kuujua, na kipande cha kioo cha wiki tatu kikaujua kuliko yeye. Aliona haya, haya ya kweli.

Osborn alitoka nje, akazunguka lori mara mbili, akarudi. "Macho yako ni mazuri," alisema. "Ni mkono ndio mbaya. Kaa mahali pako. Lakini beseni imeisha. Ya kuvunjika nitauzia watu wa chakula cha kuku." Akaenda zake ng'ambo ya mpaka kabla ya saa yake.

Jioni hiyo hakuna aliyemuaga Nerima. Florence alipita mbele yake akijitia hamnazo, akapanda boda boda bila kugeuka.

Edimu alivifungia vioo katika kikebe cheusi, akavipeleka Tororo kuvipasha joto kidogo, maana joto na giza, alisema, huharakisha kusahau. Jumatano alfajiri alirudi. Aliviuliza kwa taa nyekundu, navyo havikujua lolote. Havikujua punje, kuvu, nchani wala Nerima. Vilikuwa vipya kama mtoto wa jana.

"Siku mbili tu?" Nerima aliuliza, na wivu ulisikika katika sauti yake.

"Siku mbili. Leo nitaongeza mwanga, tukikazana kutwa inatosha kwa kesho."

Akaketi. Punje ya kwanza, cheupe. Ya pili ina kuvu, cheusi. Ya tatu cheupe. Ya nne ilikuwa ya nchani, akaiona, akajua ni nzuri, akasema moyoni "cheupe," na kidole kikabonyeza cheusi. Alikitazama kidole chake kama mtu aliyetukanwa na mwanawe mbele ya wageni. Akajaribu tena kwa kujikaza. Mara tano alishinda. Mara ya sita, alipofikiria jambo jingine kidogo tu, cheusi.

"Wengine wajaribu?" Edimu aliuliza, akiwatazama wanawake kwenye turubai.

Wanawake waliinamia nyungo zao, na wote walijua sababu. Mikono ilikuwa kumi na mmoja, lakini mafunzo yalikuwa mamoja.

Nerima akainamisha kichwa. Alikuwa karibu kulia, na hilo lilimuudhi, kwa sababu hakuwa mtu wa kulia kwa ajili ya mahindi. Ndipo akasikia ndala zikiburura sakafuni. Florence alikuja na ungo wake, akaugeuza, akauketia kama kigoda. Alichukua kifundo cha mkono wa kulia wa Nerima, akakishika kama mtu anavyomshika mtoto anayevuka barabara ya malori. Punje ya kawaida ikija, alilegeza. Punje ya nchani ikija, alikaza na kuuvuta mkono upande wa cheupe.

"Hata mimi nakasirika na wewe bado," Florence alisema baada ya muda.

"Najua."

"Ile kwete ya harusi nanunua mahindi sokoni sasa. Wewe najua bei?"

"Najua, dada."

"Haya. Weka ingine."

Wakakaa hivyo mpaka adhuhuri, na baada ya chakula mpaka alasiri. Kifundo cha Nerima kilipata alama nyekundu.

Alhamisi wageni walikuja, wakaketi, wakaandika. Kati ya punje mia moja, vioo vilikosea mbili, na hizo mbili hata Nerima mwenyewe alizigeuza mara tatu kabla ya kuamua. Mkubwa wa wageni alimpongeza Edimu kwa ubora wa vioo, akauliza nani aliyevifundisha. Edimu akasema ni wanawake wawili, mmoja mwenye jicho na mmoja mwenye mkono. Wageni walicheka wakidhani ni mzaha. Kazi itaendelea, walisema.

Jumamosi Nerima alirudi Sikuda akiwa na beseni lake kichwani, tupu. Aliliweka chini ukutani, kama alivyoliweka kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa, na kabla halijatulia kuku walikuwa wametoka nyuma ya nyumba, kutoka kwenye mihogo, kutoka kwa jirani, wanakimbia na kusukumana. Wakalizunguka. Wakatazama ndani, wakamtazama yeye.

"Leo hakuna," aliwaambia. Hawakuondoka. Nao walikuwa wamefundishwa.

Alitia mkono mfukoni mwa aproni kutafuta leso ya kujifutia jasho. Vidole vikagusa vitu vidogo, vigumu, vya mviringo. Akavitoa. Punje tatu za nchani, nzima, safi kabisa. Alisimama akajaribu kukumbuka alizitia lini, na kwa jina la Mungu aliyemwumba hakukumbuka. Alianza kucheka, akacheka mpaka Mangeni akatoka nje na jembe mkononi kuuliza kuna nini, na alipomwona vizuri akaona kwamba mkewe anacheka na kulia kwa pamoja.

Akaingia ndani, akachota konzi ya mahindi yao wenyewe, akawamwagia kuku. Zile tatu alizifunga kwenye pindo la kitenge.

Jumatatu alikuwa wa kwanza kufika. Hakuna aliyemwona. Alifungua gunia la kwanza la Osborn, akafungua fundo la kitenge, akazirudisha punje ndani, moja, mbili, tatu, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuweka nyuma ya mgongo.